Baba mkwe hakuwa "mpishi tu": jibu kwa anayeandika wasifu wa mwanamaji wa Kifilipino

SWALI

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa San Diego katika familia ya Wafilipino wa Marekani. Baba mkwe ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka 81. Alisajiliwa katika jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1962 pale Sangley Point, Cavite, huko Ufilipino, akatumikia miaka 20, kisha akafanya kazi posta hadi alipochoka. Familia imenikabidhi mimi, mkwe mkubwa, niandike wasifu wake na kuusoma. Sasa nimekwama. Shemeji anataka niandike kwamba baba alipigana Vietnam. Wifi anasema alikuwa mpishi tu, tusikuze mambo. Mama mkwe hataki kabisa nitaje miaka ya mwanzo, kwa sababu alikuwa akitandika vitanda vya maofisa na kupiga viatu vyao rangi, na anaogopa watu watamdharau. Mimi nilimpenda mzee yule. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Mume wangu alipomweleza maana yake, akaninyooshea mkono niuguse kwa paji la uso, ndivyo wanavyowaamkia wazee kwao. Nianzie wapi? Ukweli ni upi, na nitaupata kwenye karatasi gani? Naandika kwanza kwa Kiswahili ndipo mawazo yanatulia, kisha nitatafsiri.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba, wewe na mumeo, na zaidi mama mkwe wako.

Watu watatu wamekupa maelekezo matatu, na kila mmoja anamtetea marehemu kwa njia yake. Shemeji anamtafutia heshima, wifi hataki aongezewe chumvi, mama anataka kumsitiri mumewe. Lakini wote wamekubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba kumhudumia ofisa mezani ni kazi ndogo. Hapo natofautiana nao. Ushauri wangu ni kwamba kazi ile uitaje kwa jina lake, mapema kabisa, katika aya ya kwanza au ya pili, kisha ueleze kwa nini aliifanya yeye. Ukishaeleza hilo, lile neno "tu" la wifi yako litaondoka lenyewe.

Baba mkwe hakulichagua jiko. Kijana wa Kifilipino aliyesajiliwa nchini kwao mwaka 1962 aliwekewa mlango mmoja, nao ulikuwa wa uhudumu wa maofisa. Awe fundi wa injini, awe ameanza chuo, awe na kichwa cha hesabu, kazi ilikuwa ile ile. Mwenzake wa Kimarekani wa umri ule angeweza kusomea rada, umeme, uganga au ukarani. Yeye alipewa trei.

Kisa hiki kina mizizi mirefu, nami naomba uvumilie nikupeleke nyuma kidogo, maana wajukuu watakaokuwa wamekaa kwenye viti vya mbele hawakijui. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania kwa mkataba wa Paris wa Desemba 1898, kwa dola milioni 20. Mwaka 1901 Rais William McKinley aliruhusu jeshi la wanamaji lisajili Wafilipino 500. Wale wa mwanzo walifanya kazi za aina nyingi melini. Ndiyo maana mwaka 1915 tunamkuta Telesforo Trinidad akifanya kazi kwenye tanuri za meli USS San Diego. Mitambo ya mvuke ilipolipuka, alitimuliwa nje na moto, akarudi ndani kumtoa mwenzake aliyeumia, mlipuko mwingine ukamuunguza uso, na bado akasaidia kumwokoa mtu wa pili. Alipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika nchi ile, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba manowari mpya itapewa jina lake. Basi mtu asikwambie kwamba Wafilipino walipelekwa jikoni kwa kukosa uwezo.

Mlango ulifungwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na hapa kuna jambo ambalo wewe, mwanamke mweusi uliyeingia katika familia hii, una haki ya kulijua. Kuanzia 1919 jeshi la wanamaji liliacha kusajili Wamarekani weusi wapya, na nafasi zao za kuhudumia meza zikajazwa na Wafilipino. Weusi waliporuhusiwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1930, nao walipelekwa huko huko. Kwa hiyo kwa miaka mingi pantri ya maofisa ilikuwa mahali pa watu wa aina mbili: weusi na Wafilipino, bega kwa bega, wakimenya viazi pamoja. Dorie Miller, yule mhudumu mweusi wa USS West Virginia aliyeshika bunduki ya kutungulia ndege siku Pearl Harbor iliposhambuliwa, alitoka katika idara hiyo hiyo. Kuanzia 1942 weusi walianza kufunguliwa kazi nyingine. Wafilipino walioandikishwa kwao walibaki pale pale.

Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946. Ungetarajia usajili ukome, lakini mkataba wa kambi za kijeshi wa 1947 uliiachia Marekani ruhusa ya kuendelea kuchukua vijana, na katika miaka ya 1950 idadi iliwekwa kuwa 1,000 kwa mwaka, kisha 2,000. Sangley Point, kule baba mkwe alikoweka sahihi, ndiko vijana walikopanga foleni tangu alfajiri, wengi wao wakirudishwa nyumbani kwa jino bovu au kwa kushindwa mtihani wa Kiingereza. Kufikia 1970 Wafilipino ndani ya jeshi la wanamaji la Marekani walikuwa takriban 14,000, wengi kuliko jeshi zima la wanamaji la nchi yao wenyewe. Hebu litafakari hilo unapoandika. Raia wa nchi huru, wanalitumikia jeshi la nchi nyingine, katika kazi moja tu waliyoruhusiwa.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Admirali Elmo Zumwalt alipokuwa mkuu wa jeshi hilo. Kazi nyingine zilifunguliwa, na tarehe 1 Januari 1975 kada ya wahudumu wa maofisa iliunganishwa na ile ya wapishi wa mabaharia, ikawa kada moja. Kwenye karatasi za baba mkwe huenda ukaona herufi SD, yaani mhudumu wa maofisa, kwa miaka ya mwanzo, kisha MS, ile kada mpya, baada ya hapo. Zile herufi mbili zina historia nzima ndani yake: ni mtu yule yule, ameamka siku moja kada iliyomfungia haipo tena, naye ana miaka 12 kazini.

Sasa kazi yenyewe. Mama mkwe anakumbuka vitanda na viatu, na kweli vilikuwamo. Mhudumu alipika au aliandaa chakula cha maofisa, alitandika meza yao kwa vitambaa vyeupe, alisimama nyuma ya kiti hadi wamalize, akaosha vyombo, akasafisha vyumba vyao vya kulala, akapeleka nguo zao kufuliwa na kuzipiga pasi. Anaamka kabla yao na kulala baada yao. Bahari ikichafuka, chungu cha supu hakijali cheo cha mtu, lakini chakula lazima kifike mezani saa ile ile. Kijana wa miaka 19 aliyelelewa kuheshimiwa nyumbani kama kuya, yaani kaka mkubwa, alijikuta akiokota soksi za mtu wa umri wake. Hilo lilimuuma mtu. Mama hajakosea kulihisi hadi leo, na usije ukamwambia kwamba anaona aibu bure.

Lakini kuna upande ambao pengine hata yeye hakuwahi kuuona, kwa sababu mabaharia hawakuuleta nyumbani. Kengele ya vita inapolia, hakuna mhudumu anayebaki na trei. Kila mtu ana kituo chake, na wahudumu wengi walikuwa wapitishaji wa risasi na makombora kutoka ghalani kwenda juu, au wabebaji wa majeruhi. Meza ile ile ya maofisa mara nyingi ndiyo iliyogeuzwa kuwa meza ya kutibia waliojeruhiwa. Muulize mume wako kama aliwahi kumsikia baba yake akitaja kituo chake. Likipatikana jibu, hiyo ni sentensi moja ya thamani kubwa.

Hapo tunafika kwa shemeji na Vietnam. Usiandike "alipigana Vietnam" kabla hujaona karatasi. Andika "alihudumu katika vita vya Vietnam" ukikuta nishani ya utumishi wa Vietnam imetajwa, au ukithibitisha kwamba meli yake ilikuwa kwenye maji yale. Kanisani kutakuwa na wazee waliokuwa kwenye meli hizo hizo, nao wanajua tofauti. Sifa moja isiyo ya kweli itawafanya watilie shaka na zile nyingine zote ambazo ni za kweli.

Na usichanganye habari yake na ile ya wazee wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika mkesha atatokea mtu wa kusema kwamba Marekani iliwadhulumu wanajeshi wa Kifilipino. Ni kweli, lakini ni kisa kingine: hao walikuwa askari wa nchi kavu na wapiganaji wa msituni, zaidi ya 250,000, waliopigana chini ya amri ya Marekani, kisha sheria ya Februari 1946 ikawavua haki zao nyingi. Walisubiri hadi 2009 ndipo walio hai wakalipwa kwa mkupuo, dola 15,000 kwa raia wa Marekani na 9,000 kwa wasio raia. Baba mkwe wako alikuwa mwanamaji kamili wa Marekani, mwenye pensheni kamili. Ila uliza kama baba yake au mjomba wake alikuwa mmoja wa wale wazee. Familia nyingi zina mtu wa aina zote mbili, na mtoto aliyeona baba yake akinyimwa, kisha mwenyewe akaenda kujiandikisha, ana kisa kinachostahili kusimuliwa.

Umeniuliza kuhusu jeshi zaidi kuliko kuhusu familia, nami naona familia ndiyo sehemu ngumu zaidi ya wasifu huu. Kila mtu atasema alikuwa mtu wa familia. Ni kauli iliyochakaa, na kwa mwanamaji ina mwiba ndani yake, maana kwa miaka mingi hakuwapo nyumbani. Safari moja ya meli ilichukua miezi sita, mara nyingine zaidi. Watoto walizaliwa akiwa baharini. Mume wako, akiwa mtoto wa kwanza, huenda alimjua baba yake kwanza kwa picha na kwa sauti. Mtu asiyekuwapo anawezaje kuitwa mtu wa familia? Usilikimbie swali hilo. Lijibu kwa kuhesabu.

Hesabu wadogo zake waliosoma kwa mshahara wake. Vijana wa wakati ule walipeleka sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa wazazi kila mwezi, na Wafilipino wana neno utang na loob, deni la moyoni ambalo halilipiki kwa fedha peke yake. Muulize mama mkwe: nani alisomeshwa? Nyumba ya kijijini iliezekwa bati mwaka gani? Hesabu na maboksi, yale ya balikbayan, yaliyojazwa sabuni, kahawa, viatu na nyama za makopo, yakafungwa kwa gundi mpaka yanavimba, yakapelekwa kwa meli. Katika nyumba nyingi boksi lilikaa pembeni ya sebule miezi miwili likijazwa kidogo kidogo, na watoto walikua wakijua kwamba kitu kizuri kinachoingia nyumbani kina mgawo wa kwenda ng'ambo. Mume wako akiulizwa atacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Halafu hesabu watu aliowavusha. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilimfungulia raia wa Marekani njia pana ya kuwaombea wazazi na ndugu zake ruhusa ya kuhamia huko, na wanamaji wengi waliopata uraia kupitia utumishi wao waliitumia. Kwa ndugu wa Kifilipino foleni hiyo imekuwa ikizidi miaka 20. Maana yake ni kwamba mtu anajaza fomu kwa ajili ya dada yake akiwa bado na nywele nyeusi, na dada anatua uwanja wa ndege wote wawili wana mvi. Katika chumba mtakachokaa siku ya mazishi, waombe kimoyomoyo wasimame wote walioko Marekani kwa sababu ya sahihi yake. Huenda nusu ya chumba ikasimama. Idadi hiyo iandike, na majina yao kama wanaridhia.

Usimsahau mwenye nyumba. Mke wa mwanamaji ndiye aliyekuwa baba na mama, mlipa kodi, dereva, na muuguzi, katika mji mgeni, kwa Kiingereza cha kujifunzia dukani. Mitaa ya Wafilipino ya National City na Mira Mesa huko kwenu, na ya Virginia Beach upande wa pili wa nchi, ilijengwa na wanawake hao waliokuwa wakisubiri meli. Wasifu wa baba mkwe usiomtaja mama kwa kazi, si kwa jina tu kama "mkewe mpendwa", utakuwa na tundu. Na ukimpa nafasi hiyo, huenda ukaona woga wake kuhusu vitanda na viatu unapungua.

Tuje kwenye karatasi. Iliyo ya lazima ni fomu DD 214, karatasi ya kuachia jeshi. Tafuteni kwanza nyumbani: kwenye bahasha ya kahawia, chini ya nguo, ndani ya sanduku la vyeti vya ubatizo. Wazee wale walizihifadhi kuliko dhahabu. Isipopatikana, nakala huombwa katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi cha St. Louis, Missouri, kwa njia ya mtandao au kwa fomu SF 180. Wewe kama mkwe huwezi kusaini. Wanaotambuliwa ni mjane ambaye hajaolewa tena, mzazi, mtoto, au ndugu wa kuzaliwa naye. Basi mama mkwe au mume wako ndiye aombe, na aseme wazi kwamba ni kwa ajili ya mazishi, kwa kuwa maombi ya mazishi hushughulikiwa kwa haraka. Mtu akikwambia kumbukumbu zote ziliungua katika moto wa 1973, mwambie zilizoungua ni za jeshi la nchi kavu na la anga. Za wanamaji zipo.

Usishtuke ukikuta tarehe mbili za kustaafu. Mwanamaji aliyetimiza miaka 20 huhamishiwa kwanza kwenye akiba ya jeshi, akilipwa, na huingizwa rasmi katika orodha ya wastaafu miaka 30 inapotimia. Ya 1982 na ya 1992 zote zinaweza kuwa sahihi. Na kama sare yake bado ipo kabatini, tazama mkono wa kushoto: kila mstari wa mshazari chini ni miaka minne ya utumishi. Mistari ikiwa ya dhahabu badala ya nyekundu, ujue alikaa angalau miaka 12 bila doa la nidhamu. Mpe mjukuu mmoja aihesabu.

Ukishapata jina la meli, mnaweza kuitafutia daftari lake la kila siku, linaloandikwa na ofisa wa zamu: meli iko wapi, inaelekea wapi, nini kimetokea. Madaftari ya miaka ya Vietnam yapo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na mengi yameshawekwa mtandaoni. Kwa wasifu hayo yatakupa uhakika. Kwa mama mkwe yanaweza kufanya zaidi, na hili nakuomba usilipite haraka. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inawahesabu kuwa waliguswa na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyomwagwa katika vita vile, hata mabaharia ambao hawakukanyaga nchi kavu, ilimradi meli yao iliingia ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani ya Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975. Kama baba mkwe alifariki kwa maradhi yaliyomo katika orodha yao, na humo imo kisukari aina ya pili, magonjwa ya mishipa ya moyo na baadhi ya saratani, mjane anaweza kustahili malipo ya kila mwezi. Nendeni ofisi ya kaunti inayohudumia wastaafu wa jeshi, msaada wake ni bure. Msimlipe mtu yeyote wa pembeni anayejitolea kuwajazia fomu.

Kuhusu siku zenyewe. Zungumza na paroko mapema, kwa kuwa Kanisa Katoliki haliweki hotuba ndefu ya sifa ndani ya misa ya mazishi. Kwa kawaida ndugu mmoja huruhusiwa maneno machache baada ya komunyo. Basi gawa wasifu wako mara mbili. Ule mrefu usome usiku wa lamay, mkesha wao, wakati watu wamekula na wazee wapo wa kuongezea. Ule wa kanisani uwe wa dakika nne. Wewe mtu wa Tanga hutapotea katika ratiba yao: kuna siku tisa za sala wanazoziita pasiyam, kuna arobaini kama ya kwetu, na kuna abuloy, ambayo ni rambirambi yenyewe, yenye daftari la majina na kiasi. Mwaka ukitimia huondoa msiba rasmi. Jambo moja wasilokwambia: ukitoka kwenye mkesha usiende nyumbani moja kwa moja, pitieni mahali hata mkanywe chai, ndiyo desturi yao, na mama mkwe atalitambua.

Makaburini ratiba si yenu. Kwa sheria, mwanajeshi aliyestaafu kwa heshima hupewa askari wasiopungua wawili, mmoja wao kutoka jeshi lake. Tarumbeta ya maombolezo hupigwa, bendera hukunjwa hadi ikawa pembetatu, na askari hupiga goti mbele ya mjane, akamkabidhi kwa niaba ya Rais, jeshi la wanamaji na taifa lenye shukrani. Usipange kusoma chochote baada ya hapo. Mtamzika bila kulipia kaburi wala jiwe katika makaburi ya taifa, na nafasi ya mama hapo hapo imo, mkitaka. Kwa San Diego, uliza Miramar.

Sasa aya ya mwanzo. Nakuandikia mfano, ubadilishe upendavyo (Lolo ni babu kwa lugha yao):

"Mwaka 1962, akiwa na miaka 19, Lolo aliweka sahihi pale Sangley Point na kuvuka bahari. Kanuni za jeshi la wakati ule zilimruhusu Mfilipino kazi moja, kuwahudumia maofisa. Aliwapikia, aliwaandalia meza, aliwatunzia vyumba, kwa miaka 12, hadi kada ile ya wahudumu ilipofutwa. Kwa mshahara wa kazi hiyo wadogo zake walisoma, wazazi wake walijengewa nyumba, na wengi wetu tuliomo humu ndani tulipata njia ya kufika hapa."

Sentensi ya mwisho isome tu kama mama amethibitisha kila kilichomo. Viatu na vitanda sikuvitaja. Nimesema "vyumba", na anayejua ataelewa. Mwonyeshe mama aya hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiikataa hata hivyo, mwache ashinde. Ni mume wake. Lakini sidhani ataikataa.

Habari ya shikamoo na ule mkono kwenye paji la uso ni yako peke yako, hakuna mwingine anayeweza kuisimulia. Isome ya mwisho, sentensi mbili au tatu, bila kuieleza.

Baadaye, msiba ukishatulia, wapelekeni watoto kwenye USS Midway, ile meli kubwa ya kubebea ndege iliyo makumbusho hapo bandarini kwenu tangu 2004. Hata kama si meli aliyopanda babu yao, wasishie juu kwenye ndege. Teremkeni nao hadi kwenye jiko na chumba cha maofisa, wasimame palipokuwa na viti, waone nafasi ya kupita ilivyokuwa nyembamba kwa mtu mwenye trei mkononi.

Na leo jioni, mtakapokuwa mnamenya vitunguu kwa ajili ya wageni, kaa karibu na mama mkwe na umuulize meli ya kwanza iliitwaje, na alimwandikia nini katika barua ya kwanza kutoka huko. Uwe na daftari, na usimkatize.